Sekunde Mbili za Mwisho

Jumatatu, 9 Oktoba

Daftari jipya, kazi mpya. Leo nimetia sahihi karatasi ya Justus na nimekuwa mshauri, mimi Kathure, Mmeru wa Nkubu.

Miaka saba nimekuwa fundi wa kibarua. Mtu anataka programu, ninamwandikia, tunaagana, na baada ya hapo sijui kama programu yenyewe inaamka asubuhi au ilishakufa. Ni sawa na fundi anayejenga nyumba na kuondoka kabla mvua haijanyesha. Sasa nimehamia upande wa pili, ule wanaouita devops: kuingia kwenye nyumba ambazo tayari zimejengwa, kuhakikisha hazivuji, na kuhakikisha ufunguo hauko mfukoni mwa mtu mmoja. Mama, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, aliposikia nimekataa kibarua cha mwaka mzima Nairobi kwa ajili ya hii, alinijibu kwa methali kama kawaida yake: usiache mbachao kwa msala upitao. Nikamwambia mbachao wenyewe umejaa matundu.

Mteja wangu wa kwanza ni shirika la lishe ya watoto. Ofisi iko hapa Garissa, kliniki ziko Dadaab, kwenye kambi za wakimbizi. Kichekesho ni kwamba mfumo wanaotaka niutengeneze niliuandika mwenyewe, miaka mitatu iliyopita, kwa miezi miwili, nikaenda zangu. Kazi yake si kubwa. Kila asubuhi unawapigia simu kina mama ambao watoto wao wanatakiwa kliniki kesho yake. Wanasikia sauti iliyorekodiwa ikiwakumbusha kwa Kisomali, kisha wanapata ujumbe mfupi wenye jina la mtoto.

Justus ndiye meneja, mtu wa Kitui asiyemaliza kikombe cha chai. "Mvua ya Deyr, hii ya vuli, inakuja," aliniambia. "Mwaka jana barabara ilikatika, mtandao ukayumba, na simu hazikutoka siku kumi na moja kwa sababu kuna mtu mmoja tu anayezibonyeza. Watoto wakakosa kliniki. Kathure, nipe mfumo usiomtegemea mtu."

Nikifaulu, wananipa miaka miwili na jina la kutembea nalo. Nikishindwa, narudi kwenye vibarua. Kwenye jalada la daftari hili nimeandika kanuni mbili za kazi yetu: Usiguse kitu Ijumaa, maana kikiharibika wikendi hakuna wa kukitengeneza. Usifute usichokielewa.

Jumanne, 10 Oktoba

Yule mtu mmoja ni Idman.

Alizaliwa Ifo, mojawapo ya kambi za Dadaab, na hajawahi kuishi kwingine. Nilipokuwa najenga mfumo alikuwa mhudumu wa kliniki, na sauti inayowapigia kina mama ni yake. Tuliirekodi kwenye chumba cha mizani, mtoto wake Deeq akiwa mgongoni, wa miezi minane, na tulirudia mara tano kwa sababu huyo bwana mdogo hakutaka kunyamaza. Nilipoondoka ndiye aliyebaki na mfumo. Hakuna aliyemfundisha, alijifundisha. Hawezi kuja Garissa bila karatasi ya ruhusa, kwa hiyo tunafanya kazi kwa simu.

"Abaayo Kathure!" alipiga kelele leo. Hilo ni neno lao la dada. "Umerudi kwetu!"

"Nimerudi. Deeq hajambo? Sasa atakuwa anakimbia."

"Alhamdulillah," akasema. "Tuanze kazi?"

Tukaanza.

Jumamosi, 14 Oktoba

Joto la kuvunja mbavu. Eeddo Raho, mama mwenye nyumba wangu hapa Bulla Iftin, ameuliza kwa mara ya tatu miraa iko wapi. "Mmeru gani hana miraa? Unatafuna kombiuta?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Kwake p huwa b na v huwa f, kama kwa Wasomali wengi hapa. Watoto wote wa ploti humwita Eeddo, shangazi, na mimi nimefuata.

Jumanne, 17 Oktoba

Nilimwomba Idman aniandikie kila anachofanya asubuhi, hatua kwa hatua, bila kuruka. Jibu lake: hatua ya kwanza, nafungua orodha ya leo. Ya pili, nasoma majina yote. Ya tatu, nasikiliza sauti. Ya nne, nabonyeza tuma.

Dakika hamsini kila siku! Nikampigia.

"Majina unayasoma ya nini? Si yanatoka kliniki?"

"Naangalia tu, abaayo. Mengine naweka kando."

"Na sauti je? Ni ile ile, haibadiliki."

"Nasikiliza kama iko sawa."

"Idman, miaka mitatu iko sawa!"

Akacheka, lakini kidogo. "Iko sawa," akasema.

Pembeni mwa hatua ya tatu nimeandika: haina sababu.

Jumatatu, 23 Oktoba

Mawingu, lakini hakuna kitu.

Ijumaa, 27 Oktoba

Mvua ya kwanza. Ilianza mara baada ya sala ya Ijumaa na watu wakatoka msikitini wakicheka, kanzu zimewaganda. Mimi nimekaa dirishani na sikugusa mfumo, maana ni Ijumaa. Ninajipenda ninapofuata kanuni zangu.

Jumanne, 31 Oktoba

Mvua siku ya tano. Idman amenipigia bila sababu ya kazi. Akauliza habari za mama yangu, za Eeddo Raho, za miguu yangu, mpaka nikajua kuna jambo.

"Abaayo, hiyo ribodi unaandika. Usiandike kwamba kazi yangu ni ya bure."

"Siandiki hivyo."

"Mimi siko na kazi ingine. Na si besa tu. Hii ndio inanifanya niamke."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Kisha nikafungua ripoti na nikaandika kwamba hatua zote nne zinaweza kufanywa na kompyuta kwa sekunde tisa. Ni kweli tupu, nimezipima. Sikuandika kwamba kazi yake ni ya bure. Niliacha nambari iseme badala yangu.

Ijumaa, 3 Novemba

Mvua.

Jumanne, 7 Novemba

Mto Tana umepanda. Eeddo Raho ana binamu upande wa Mororo, ng'ambo ya mto, aliyehamisha mbuzi wake jana, na leo amehamisha watoto. "Mto ukibanda hauulizi mtu," amesema.

Justus amesoma ripoti na amefurahi mpaka amemaliza chai. Nafasi ya Idman inakwisha tarehe kumi na tano. Nilifungua mdomo kusema tungoje mvua ipite, tumbakishe hadi Januari. Lakini nikaona ile miaka miwili mbele yangu, nikaona pia kwamba mshauri anayesitasita kwa mteja wa kwanza hana kesho. Nikafunga mdomo.

Nilimpigia Idman mwenyewe, nisije nikaitwa mwoga. Akasema, "Sawa." Tukapanga kuanzia kesho mfumo niufungue mimi peke yangu, kwa majaribio, na tarehe kumi na tano tukae kwenye simu siku nzima anikabidhi kila kitu.

Alhamisi, 9 Novemba

Siku nzuri ya kufagia. Nimepunguza ukubwa wa mafaili, nimepanga nakala za akiba zijihifadhi zenyewe kwa siku thelathini. Nimeisikiliza pia ile sauti mara moja, kwa adabu tu. Mwishoni kuna sekunde mbili za kelele, kitu kinagugumia nyuma ya Idman. Nimezikata. Sasa sauti inaanza safi na kumalizika safi.

Jumanne, 14 Novemba

Barabara imekatika Mororo. Watu wanavushwa kwa boti mahali ambapo wiki iliyopita palipita malori. Upande wa Dadaab ni tope tupu, mlingoti wa simu wa Ifo umekosa dizeli, na mtandao umezima. Simu ya Idman haipatikani.

Jumatano, 15 Novemba

Haipatikani.

Alhamisi, 16 Novemba

Haipatikani. Na kesho saa tano wafadhili watatazama mfumo ukiwashwa, wako Nairobi, sisi tuko kwenye skrini.

Leo nimekuta faili moja ambalo Idman aliliunda mwenyewe. Ndani kuna nambari sitini na tatu za simu. Hakuna maelezo, hakuna sababu, hakuna tarehe. Programu yangu ya zamani ameifungafunga kienyeji ili ziwe zinarukwa. Nimezilinganisha na daftari la kliniki: wote ni kina mama wa kweli, watoto wao wamesajiliwa, na wote wameandikwa "hakuja", wengine kwa mwaka mzima. Hebu fikiria, watoto sitini na watatu wanaohitaji lishe wamewekwa kando na mtu, bila ruhusa ya mtu. Nilikasirika kwa niaba yao. Nilifikiri labda ni kina mama waliogombana naye, au alichoka kuwapigia wasiokuja.

Nilimtumia ujumbe: "Lile faili la nambari 63 ni la nini?" Tiki moja. Haujamfikia; nimetazama ile tiki mchana kutwa.

Justus alipita mezani kwangu. "Tuko tayari?"

"Tuko tayari," nikasema, na nikalifuta.

Ijumaa, 17 Novemba

Tumewasha. Wafadhili wamepiga makofi kwenye skrini. Justus amenishika bega na kusema Januari tutaketi tuzungumze ile miaka miwili. Nilikumbuka kwamba ni Ijumaa nilipokuwa nikirudi nyumbani, nikajiambia kanuni zimewekewa watu wasiojua wanachofanya.

Jumapili, 19 Novemba

Ifo mtandao umerudi. Simu mia nne na sita zimetoka saa kumi na mbili asubuhi, mvua ikinyesha, bila mkono wa mtu. Nimemsifu Mungu kanisani na nusu ya sifa nimejipa mwenyewe.

Jumanne, 21 Novemba

Siku ya tatu, hakuna hitilafu. Ujumbe wangu kwa Idman umepata tiki mbili. Hajajibu. Nadhani amekasirika.

Jumatano, 22 Novemba

Nitaandika yote kama yalivyokuwa, hata kama mkono hautaki.

Saa moja asubuhi nilipigiwa na nambari nisiyoijua. Alikuwa Fadumo, mhudumu anayepima watoto uzani kliniki ya Ifo.

"Wewe ndio mtu ya simu? Ile ya kubiga kina mama?"

"Ndiyo, mimi."

"Simamisha. Simamisha sasa hifi."

"Kuna nini?"

"Munabigia mama wa watoto wamekufa."

Niliuzima mfumo. Kisha nikarudi kwenye simu na Fadumo akanieleza, na hakupandisha sauti hata mara moja.

Kambini mtoto akifia nyumbani anazikwa siku hiyo hiyo. Hakuna anayekwenda kliniki kutoa habari, na akienda, kliniki inataka karatasi ya kifo, na karatasi hiyo hakuna aliye nayo. Kwa hiyo kwenye daftari la kliniki mtoto hafi. Anaandikwa "hakuja". Aliyejua ni Idman. Aliishi nao, akachota maji nao, na msiba ukitokea alikwenda kukaa na mfiwa. Asubuhi yake alisoma majina yote, akamwondoa mtoto yule kimya kimya, ili mama yake asipigiwe. Ndiyo hatua ya pili. Ndilo faili nililolifuta.

Na mimi nilishaupa mfumo amri nyingine nilipokuwa kibarua, na niliringa nayo wakati huo: mama asipoleta mtoto, apigiwe tena kesho, na kesho kutwa. Kwa hiyo wamepigiwa kuanzia Jumapili hadi leo, asubuhi nne mfululizo. Mama, mtoto wako anasubiriwa kliniki kesho, mlete. Kisha ujumbe mfupi, na jina la marehemu.

Na sauti ni ya Idman.

"Mama mmoja, Ugbad, alienda kwa Idman jana," Fadumo akasema. "Alisimama kwa ua. Akamwambia, wewe ulikuja kwa msiba yangu, ukanishika mkono siku tatu. Leo unaniambia nilete mtoto? Nimlete kutoka wabi?"

"Idman akasema nini?"

"Aseme nini? Yeye mwenyewe alibigiwa."

"Idman? Alipigiwa kwa nini?"

"Kwani hujui? Deeq alikufa. Mfua ya mwaka juzi. Alihara siku mbili tu. Inna lillahi."

Nilifungua nakala ya akiba na nikalirudisha lile faili. Nambari ya kwanza kabisa, juu ya zote, ni ya Idman. Nimeipiga mara mia. Iko kwenye simu yangu na picha yake. Alhamisi nilizipitia zote sitini na tatu kwa jicho la hasira na sikuiona.

Mvua inanyesha. Nina aibu ambayo sijui pa kuiweka.

Alhamisi, 23 Novemba

Simu ya Idman inaita, haipokelewi.

Jumatatu, 27 Novemba

Inaita.

Jumamosi, 2 Desemba

Nilimweleza Eeddo Raho. Nilitarajia anikaripie. Alichuja chai, akanipa, akakaa karibu nami. "Mimi nilizika wawili," akasema. "Mmoja ni wa kule Griftu, mmoja ni wa hapa. Kama mtu angenibigia..." Halafu akaniambia ninywe, chai inapoa. Miezi miwili nimecheka na huyu mama juu ya miraa na sikujua ana makaburi mawili.

Jumanne, 5 Desemba

Justus anataka ripoti iseme "hitilafu ya mtandao wakati wa mafuriko". Aliniambia kwa upole, mlango umefungwa. "Si uongo kamili, Kathure. Mtandao ulizima kweli. Idman angejibu ungejua."

"Nilijua kwamba sijui," nikamwambia. "Ningengoja."

"Wafadhili hawangengoja."

Usiku wa kuamkia leo niliwaza ile miaka miwili na nilitaka kweli kukubali, sitajifanya mtakatifu. Lakini kina mama wale wanadhani ni Idman aliyewapigia. Ripoti ikisema mtandao, jina lake litabaki palepale kwenye tope. Nimeandika: mshauri alifuta orodha ambayo hakuielewa, kabla hajapata jibu la aliyeielewa. Nimependekeza simu zisitoke mpaka mtu wa kambini asome majina. Justus ameipokea bila kuniangalia. Januari hatutaketi.

Nimempigia Fadumo nikamsomea, naye ameahidi kuipeleka habari nyumba kwa nyumba. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimeingia. Kinachoniuma ni kwamba niliwavuta wengine.

Jumatano, 13 Desemba

Ifo. Msafara wa magari ya shirika ulitumia saa saba kwa mwendo ambao kiangazi ni saa mbili. Justus aliniruhusu nipande, na kwa hilo ninamshukuru.

Idman alinipokea mlangoni. Amekonda. Alinipa mkeka, akanipa chai ya maziwa, akaniuliza habari za njia na habari za mama yangu, mpaka salamu zikaisha. Hotuba niliyoipanga kwa saa saba ilibaki maneno machache tu. "Nisamehe, Idman. Kosa ni langu."

"Nimesikia. Fadumo amewaambia watu. Ugbad amekuja, tumelia, imekwisha."

"Siku ile nilikuuliza Deeq. Kwa nini hukuniambia?"

"Uliuliza mara moja," akasema. "Ungeuliza mara ya bili ningekwambia."

Nilikiweka kikombe chini.

Nilimwambia nafasi yake imerudishwa, nilipigania hilo kabla sijaondoka. Akatikisa kichwa. Kazi apewe Fadumo, naye atamfundisha majina. Tukakaa, sisi watatu, nikatoa ile orodha ya sitini na tatu. Idman akataka tuanzie chini kwenda juu. Kila nambari aliijua. Huyu ni wa Keinan muuza mkaa, msichana, homa. Huyu ni wa Sabrin, pacha, mmoja yuko hai, msimfute huyo. Fadumo aliandika kwa mkono wake. Ilituchukua hadi alasiri. Ya kwanza tuliifikia mwisho, Idman akasema, "Na hii mnajua," Fadumo akaiandika.

"Jambo moja," Idman akasema. "Sauti yangu itoeni. Warekodi mtu mwingine."

"Nitaitoa kesho."

"Lakini kabla hujaitoa, niwekee kwa simu yangu ile sauti ya zamani. Hii mbya ni fupi."

Nilijua kabla hajaendelea.

"Jumabili ile simu ililia, nikasikia mimi mwenyewe najiita. Nilijua ni mashine, sikukasirika. Nikasema, acha ningoje tu, mwisho Deeq ataongea. Yeye huongea mwisho, baada yangu. Nikangoja. Ikakatika."

Alikuwa anaangalia kikombe chake.

"Bicha yake niko nayo. Sauti sina. Simu yangu ya zamani iliingia maji. Ni ile tu ya ofisi. Ndio nilikuwa nasikiliza kila asubuhi."

Hatua ya tatu.

Nililia mbele yake, na ilikuwa makosa, maana ilimbidi anibembeleze yeye. Nilimwambia nimezikata mimi, nilidhani ni kelele, na nitazitafuta. Akasema inshallah, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea kutopata.

Alhamisi, 14 Desemba

Nakala za akiba ninazozihifadhi ni za siku thelathini. Mimi ndiye niliyechagua thelathini. Nilikata sauti tarehe tisa Novemba. Nakala ya mwisho yenye sekunde zile mbili ilijifuta yenyewe tarehe tisa Desemba, siku nne kabla sijafika Ifo. Mfumo umefanya kazi bila hitilafu.

Jumamosi, 16 Desemba

Jua. Nimetoa sauti ya Idman. Sasa ni ya Fadumo.

Kuna laptopu yangu ya enzi za vibarua, bawaba imevunjika, iko Nkubu chini ya kitanda cha mama. Zamani sikuwa na mpangilio wowote, kila kitu nilikirundika humo na sikufuta chochote. Mama amesema iko, ila ameitumia kukandamizia magunia ya maharagwe.

Jumatano, 20 Desemba

Barabara imefunguliwa. Eeddo Raho amenifungia mkate wa njiani na kuniambia nisirudi bila miraa. Aliponikumbatia hakuwa anacheka.

Alhamisi, 21 Desemba

Nkubu. Laptopu ilikataa kuwaka asubuhi nzima. Mama alisimama mlangoni na kitambaa cha jikoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutoa methali.

Iliwaka saa nane mchana. Mafaili elfu na ushei bila mpangilio, majina ya kipuuzi: sauti_mpya, sauti_mwisho, sauti_mwisho_kabisa. Lile la mwisho kabisa ni sekunde kumi na nne. Lile nililolisafisha lilikuwa kumi na mbili.

Nilisikiliza mara moja tu kwa sababu si langu. Idman anasema maneno yake, mchangamfu, kijana. Mama, mtoto wako anasubiriwa kesho, mlete. Kisha nyuma yake anaanza mwingine, aba, aba, ba, na Idman anavuta pumzi ya kuzuia kicheko, na mwisho.

Nilimtumia saa nane na nusu. Tiki moja. Nimekaa na simu mapajani hadi giza limeingia. Tiki moja.

Ijumaa, 22 Desemba

Ni Ijumaa na sikugusa kitu. Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, mama akiwasha jiko, tiki mbili zimegeuka bluu. Baada ya muda ukaja ujumbe wa Idman.

"Abaayo, nimemaliza hatua ya tatu."